Barua ya malalamiko: meza ya akwariamu isiyosimama sawa

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Karakana ya Samani,
Goma.

KUHUSU: Meza ya mbao ya akwariamu niliyoagiza kwenu

Bwana Mkurugenzi,

Salamu. Meza mliyonitengenezea ililetwa nyumbani kwangu Himbi wiki iliyopita, na mpaka leo sijathubutu kuiwekea kitu. Nilimpigia simu fundi wenu mkuu, akanijibu nikunje kipande cha katoni nikisukumize chini ya mguu wa nyuma. Jibu hilo ndilo limenifanya nikuandikie wewe mwenyewe.

Wakati wa kuagiza nilieleza vizuri kitakachokaa juu. Akwariamu ina urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50. Ikijaa ni lita 240, yaani kilo 240 za maji peke yake. Kioo chake cha milimita 10 kinazidi kilo 50. Tia mchanga na mawe, kilo 330 zimeshapita. Vipimo hivyo fundi aliviandika kwenye fakture, yaani hati ya bei, kwa mkono wake, kwa hiyo hakuna wa kusema alidhani ni meza ya televisheni.

Sasa njoo uone nilicholetewa. Mbao za fremu ya juu hazikukalia miguu. Zimefungwa ubavuni mwake, visi (skrubu) mbili kila kona, na vichwa vya miguu vimeishia chini ya fremu kwa sentimita mbili nzima. Ukipitisha kidole pale, unaugusa uwazi wenyewe. Maana yake mzigo wote utaning'inia kwenye visi nane, usiku na mchana. Mbao ilitakiwa ilale juu ya kichwa cha mguu, uzito ushuke moja kwa moja mpaka sakafuni, na visi zibaki na kazi ya kuzuia tu isisogee. Vijana wanaochonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa panga na tezo wanatoa chombo kinachoteremsha viazi vya Kibumba mpaka mjini. Nyinyi mna mashine ya kuranda.

Halafu kuna hii habari ya katoni. Nilivuta uzi kutoka kona hadi kona, na mwingine kukata ule wa kwanza. Uso ungekuwa sawa, nyuzi zingegusana katikati. Zimeachana karibu milimita 4, yaani kona moja imeinuka milimita 8 hivi kuliko inavyopaswa. Sakafu yangu nimeipima kwa nivo, yaani pimamaji, haina tatizo. Katoni husaidia pale sakafu inapoinama; hapa kilichopinda ni uso wa meza, na ukiinua mguu, meza nzima inaegemea upande wa pili huku kona ile ikibaki juu kuliko wenzake. Kioo hakijui kupinda kama mbao. Kitakaa juu ya kona tatu, maji yatakisukuma, na siku moja kitako kitapasuka au silikoni itaachia, pengine usiku, na soketi ya umeme iko ukutani hapo hapo.

Sababu ya kupinda naijua. Fakture inasema mbao ya mti wa libuyu, kavu, lakini mbao ilifika mbichi. Tayari ncha zake zinapasuka, na kole (gundi) imebanduka kwenye viungo viwili.

Nyuma hamkuweka triplex (plaiwudi) wala mbao ya mshazari. Nikiisukuma meza kwa kiganja tu, inayumba. Na hapa ni Goma! Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 sote tulihesabu matetemeko kwa siku kadhaa, nyumba zikapata nyufa. Meza isiyostahimili kiganja itafanya nini siku ardhi ikitikisika?

Ninachotaka ni hiki. Mje muichukue kwa gari lenu na kwa gharama yenu, muitengeneze upya ndani ya wiki mbili: mbao kavu kweli, fremu ikalie miguu, triplex ya milimita 18 juu na nyingine ya kuziba mgongo wote. Kabla ya kuirudisha, pangeni juu yake bidoni 17 za lita 20 zilizojaa maji, zilale hapo usiku kucha, kisha mvute uzi na kuweka nivo mbele yangu. Nitakuja karakanani kuona.

Kama hamuwezi, nirudishieni avansi yangu ya dolari 120 na meza yenu mbaki nayo. Zile dolari 60 zilizosalia sitazitoa kabla ya jaribio hilo, hata fundi anipigie simu mara ngapi. Samaki niliowaleta kutoka Uvira bado wako kwenye pipa la plastiki jikoni, na mke wangu anadai jiko lake.

Nimeambatisha nakala ya fakture na picha za kona zote nne.

Mteja wenu,
Himbi, Goma.