Wenye maduka, ulizeni ni kioo cha aina gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka wa jiji hili.

Siku hizi wateja wakitaka duka lenye uso wa kioo kitupu, hunionyesha kwenye simu picha ya duka la Apple la Fifth Avenue, New York: lile sanduku la kioo la karibu mita 10 kila upande, ambalo ni mlango tu, duka lenyewe liko chini ya ardhi. Lilifunguliwa 2006 likiwa na vipande 90 vya kioo. Mwaka 2011 likajengwa upya kwa vipande 15, vitatu kila upande na vitatu juu. Hakuna nguzo ya chuma. Kioo ndicho ukuta, na kioo ndicho kinachobeba paa. Mimi kama fundi naiheshimu mno kazi ile.

Lakini picha haionyeshi kilichomo ndani ya kioo. Kila kipande pale ni tabaka kadhaa zilizogandishwa kwa utando mgumu katikati. Januari 2014 mashine ya kuondoa theluji iligonga kimoja. Kilipasuka juu hadi chini, na bado kikabaki kimesimama.

Huku kwetu mteja akisikia bei anasema, "Fundi, weka cha kawaida." Mwaka jana niliitwa kwenye duka la nguo baada ya mtoto kugonga mlango wa kioo cha kawaida. Nilivyookota sakafuni vilikuwa vipande virefu kama visu. Namshukuru Mungu mtoto alipona, alishonwa mkono tu.

Mlangoni dai tempa, yaani kioo kilichopashwa moto mkali kwenye tanuri kisha kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu. Ikivunjika humeguka punje ndogo, na mara nyingi ina muhuri mdogo kwenye kona, uutafute. Tena tempa haikatwi wala haitobolewi ikishapita kwenye tanuri. Fundi akikikata kioo mbele yako kwa almasi huku akikuapia kuwa ni tempa, usimlipe. Na kioo cha juu ya vichwa vya watu, hata tempa haitoshi: lazima kiwe cha tabaka zilizogandishwa, kisimwagike.

Naziomba halmashauri, kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, zidai mchoro unaotaja aina na unene wa kila kioo, kisha zitume mkaguzi akaangalie kilichofungwa.

Fundi vioo na alumini,
Buguruni, Dar es Salaam