Mshauri nasaha apewe mlango wake vyuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wakuu wa vyuo vya hapa Dodoma. Mji huu una Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na vingine. Una pia Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyopo tangu mwaka 1927. Mtu angetarajia mwanafunzi aliyezidiwa na mawazo hapa apate msaada upesi kuliko mwenzake wa mkoa mwingine. Haiwi hivyo, na kwa nionavyo mimi kinachotukwamisha zaidi ni kukosa faragha.

Chuoni kwetu, ukitaka kumwona mshauri, unapitia ofisi ileile inayoshughulikia vyumba vya hosteli, mikopo na nidhamu. Unakaa kwenye benchi la koridoni, unapewa daftari ujaze jina, namba ya usajili, kozi, na safu ya mwisho: "Tatizo". Siku niliyokwenda, aliyenitangulia alikuwa ameandika "kitasa kibovu", na wa juu yake "boom haijaingia", yaani fedha za mkopo za kujikimu. Mimi nilikuwa na miezi silali vizuri, chakula hakipiti, darasani nimeacha kuingia. Niandike nini hapo, na nyuma yangu watu wanachungulia? Wengi huandika "binafsi", kisha huondoka kabla hawajaitwa. Siwalaumu hata kidogo.

Kuna zito zaidi. Mshauri huyohuyo huketi kwenye kamati ya nidhamu. Mwanafunzi aliyezama kwenye pombe kwa sababu ya mawazo atamweleza nini? Tena kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kuwa na mawazo ya kufa si kosa, lakini kijana wa miaka ishirini aliye peke yake usiku hosteli hajui tofauti hiyo. Anachojua ni kwamba akisema ataripotiwa, basi ananyamaza. Hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Mimi nilikuja kusaidiwa hospitali, mjini. Mlango ulifungwa, tukabaki wawili. Daktari aliniuliza nalala saa ngapi, naamka na hali gani, ni kipi kilichokuwa kikinifurahisha zamani ambacho sasa sikitaki tena, na kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Hilo la mwisho aliliuliza wazi, bila kushtuka wala kunihubiria, na nilipata nafuu kwa kulijibu tu. Akasema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, na inatibika. Tungeanza na mazungumzo, na kama dawa zingehitajika, nisizikatishe, maana huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaanza kuona tofauti. Hakuna aliyenilaza wodini. Nalisisitiza hili kwa sababu hosteli nzima huamini kwamba ukikanyaga Mirembe umeshafungiwa, wakati watu huenda kliniki asubuhi na kurudi makwao siku hiyohiyo.

Wenzetu wa chumbani hutuambia tujikaze. Wachungaji na masheikh hutuombea, nami nawashukuru, ila wale wanaoomba nawe kisha wakakushauri ukamwone daktari ndio waliosaidia zaidi.

Ninachowaomba wakuu wetu hakihitaji jengo jipya. Mshauri nasaha awe na chumba chake, mbali na dirisha la mikopo, na asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu. Safu ya "Tatizo" ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na sioni daftari la koridoni linavyopatana nayo. Siku mbili kwa wiki ofisi ifunguliwe jioni, baada ya vipindi. Na pale mshauri anapoona jambo limemzidi, aandike rufaa na ampigie simu daktari yeye mwenyewe, badala ya kumwambia mgonjwa "nenda Mirembe" na kumwacha ajitafutie njia.

Karatasi za maelekezo zinazotumwa kwa mwaka wa kwanza hutaja mpaka shuka na ndoo. Ziongezwe mistari miwili: chumba cha mshauri kiko wapi, na kinafunguliwa saa ngapi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dodoma