Siri za nyumbani zinafundishia mashine

Ndugu Mhariri,

Nafundisha sekondari hapa Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita binti wa kidato cha tatu alibaki darasani wenzake walipotoka, akanionesha simu ya mama yake. Tangu likizo amekuwa akichati usiku na programu ya akili mnemba inayojiita rafiki. Ameiandikia kila kitu: ugomvi wa wazazi, deni la mbolea ya viazi linalomnyima baba usingizi, ugonjwa wa bibi yake kule Tukuyu, tena kwa majina kamili. Kilichomshtua ni mstari mmoja wa Kiingereza aliokutana nao kwenye mipangilio, kwamba mazungumzo yanaweza kutumika kuifundisha programu.

"Mwalimu, kwa hiyo nilikuwa naifundisha mambo ya kwetu?"

Nilimwambia inawezekana. Nyingi ya programu hizi hazijifunzi papo hapo unapoandika. Mazungumzo huhifadhiwa, yakachanganywa na ya watu wengine, kisha yakatumika kuandaa toleo lijalo. Wakati mwingine wapo waajiriwa wanaoyasoma ili kupima majibu. Kitufe cha kukataa mara nyingi kipo, ila kimejificha ndani, na ruhusa unaikuta imeshawashwa.

Hofu yake si ya kitoto. Desemba 2020 huko Korea Kusini ilitoka roboti ya kuchati iitwayo Lee Luda, yenye sura ya msichana wa chuo wa miaka 20. Ilifundishwa kwa ujumbe ambao watu halisi, wengi wao wapenzi, waliandikiana kwenye KakaoTalk, programu ya Kikorea ya kutumiana ujumbe, kisha wakaupakia kwenye programu nyingine ya kampuni iliyounda roboti hiyo, programu iliyodai kupima mapenzi yao. Haukupita mwezi, watumiaji wakaanza kuona kwenye majibu yake majina na anwani zilizoonekana kuwa za watu halisi. Ikazimwa Januari 2021, na Aprili kampuni ikapigwa faini. Wengi hupenda kutaja Tay, roboti ya kuchati ya Microsoft, iliyofundishwa matusi na watu wa Twitter Machi 2016 ikazimwa hata siku haijaisha. Mimi inayoniumiza ni hii ya Korea. Wale hawakuwa wahuni. Walikuwa wanapendana tu.

Sisemi watoto wanyang'anywe simu. Wanaitumia kwa hesabu, na wanaiuliza mambo wanayoogopa kutuuliza sisi, jambo ambalo sisi walimu na wazazi tunapaswa kulitazama usoni.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria hiyo inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Naiomba Tume iwabane wenye programu hizi: kabla mtoto hajaandika neno la kwanza, aambiwe kwa Kiswahili chepesi kwamba anayoyasema yatahifadhiwa na yatafundishia, na ruhusa hiyo iwe imezimwa mpaka aiwashe mwenyewe. Mstari wa Kiingereza uliozikwa kwenye mipangilio haujamweleza kitu mama anayeuza ndizi Mwanjelwa, na simu ni yake.

Binti yule nimemsaidia kufuta mazungumzo yote. Tumewaandikia pia wenye programu kuomba yaondolewe kwenye hifadhi yao. Hii ni wiki ya tatu, na kila asubuhi huja ofisini kuniuliza kama wamejibu.

Mwalimu wa sekondari,
Uyole, Mbeya