Barua kuhusu Vipande Vitatu vya ECG

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na nakala za vile vipande vitatu vya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ulivyojaribu kuvisoma, na nimechelewa kukujibu kwa sababu kipande cha pili kilinishughulisha jioni mbili nzima. Uniwie radhi nikisema bila kuzunguka kwamba majibu yako yote matatu hayakuwa sahihi. Hata hivyo, kosa ni lilelile: kila kipande ulikipa jina kabla ya kukipima.

Kipande cha kwanza ulikiita fibrilesheni ya atria (vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo) kwa kuwa mapigo hayalingani. Ni kweli hayalingani, lakini katika fibrilesheni mapigo hayana utaratibu wowote na mawimbi ya P (vilima vidogo vinavyotokana na vyumba hivyo vya juu) hayaonekani kabisa, ilhali hapa kila wimbi la P liko bayana na yanafuatana kwa nafasi sawa. Chukua bikari, au hata ukingo wa karatasi uliotiwa alama mbili za penseli, upime kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, ule mchomo mrefu wa vyumba vya chini. Karatasi inapokwenda milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni sekunde 0.20; basi utaona kwamba pigo la kwanza lina muda wa 0.20, la pili 0.28, la tatu 0.32, kisha linakuja wimbi la P lisilofuatwa na QRS, na baada ya hapo muda unarudi 0.20 na mzunguko unaanza upya. Hiyo ni bloku (kizuizi cha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini) ya daraja la pili, aina ya kwanza, inayobeba hadi leo jina la Wenckebach. Jambo linalonistaajabisha ni kwamba daktari huyo aliieleza mwaka 1899, kabla ECG haijaingia wodini, kwa kupima tu nafasi kati ya mapigo ya mshipa yaliyochorwa kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye kipande cha pili, kile kilichoninyima usingizi. Kati ya R (kilele cha QRS) moja na nyingine pana miraba mikubwa miwili, na 300, idadi ya miraba hiyo kwa dakika, ukigawanya kwa 2 unapata mapigo 150 kwa dakika, yaliyonyooka na yenye QRS nyembamba. Uliandika kwamba ni sainasi (mdundo wa kawaida wa moyo) inayokwenda kasi, na sikulaumu, kwani nilipokuwa mwanafunzi nililifanya kosa hilohilo mbele ya mwalimu wangu. Alinifundisha kuishuku kasi ya 150 isiyobadilika, kwa sababu sainasi hupanda na kushuka mgonjwa anapotulia, anapopewa maji au homa inapopungua, lakini katika flata ya atria vyumba vya juu hupiga takriban mara 300 kwa dakika na nodi ya AV (lango la umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini) hupitisha pigo moja katika kila mawili. Tazama tena: lile unaloliona kuwa wimbi la P limesimama katikati kabisa ya QRS mbili. Likikaa hapo, uliza kama pacha wake hajajificha ndani ya QRS. Mimi nilimpata jioni ya pili, akiwa kama kinundu kidogo mwishoni mwa QRS, na nilipoyaunganisha mawimbi yote kwa penseli yakawa meno ya msumeno.

Kuhusu kipande cha tatu sina mengi. Ulihofia takikadia ya ventrikali (mbio za hatari za vyumba vya chini), lakini ndani ya vurugu ya mistari hiyo QRS nyembamba zinaendelea kuchomoza kwa nafasi ileile iliyokuwapo kabla na baada yake; mgonjwa alikuwa akitikisika, au pengine akipiga mswaki. Ingawa hivyo, wodini ungepaswa kumwendea mgonjwa kwanza na kumshika mshipa, kisha ndipo urudi kwenye karatasi, kwa maana moyo unaweza hata kuchora mistari mizuri bila kusukuma damu.

Kama bado unayo ECG kamili ya yule mgonjwa wa pili, tafadhali nitumie sehemu ya V1 (mchoro wa elektrodi mojawapo ya kifuani), kwa kuwa huko mawimbi ya flata mara nyingi hujitenga vizuri zaidi, nami ningependa kumwona pacha yule bila kubahatisha.

Wasalaam,
Rafiki yako