Taarifa ya mwaka: fimbo ya kaboni faiba na masika yetu

Assalaam alaykum wanachama wenzangu,

Hesabu za fedha mweka hazina atazisoma mwenyewe, ada zimeingia vizuri, ahsanteni. Mie nataka kuzungumza fimbo ya pendulamu, yaani ile inayoning'inia na kubembea ndani ya saa zetu, maana ndio iliyotushughulisha mwaka mzima.

Mnajua pendulamu ikirefuka saa inachelewa. Fimbo ya chuma cha pua inarefuka kama sehemu 12 kwa milioni ya urefu wake kwa kila digrii, na hapo saa inachelewa kama nusu sekunde kwa siku, kwa hiyo joto likipanda digrii 6 na likakaa huko ushapoteza sekunde 3 kwa siku. Fundi saa Graham kule London alilikabili kwa zebaki mwaka 1721, na mwanafizikia Guillaume akagundua invari 1896, yaani mchanganyiko wa chuma na nikeli usiotanuka sana kwa joto, lakini invari kwetu hapa bei yake haishikiki ndio tukajaribu kaboni faiba. Hii ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa rezini, yaani gundi ngumu; nyuzi zikipata joto zinasinyaa kidogo kwa urefu na rezini inatanuka, kwa hiyo fimbo nzima inabaki karibu pale pale.

Tukaifunga, tukafurahi, kumbe mchana saa inakimbia! Wapo waliosema fimbo mbovu. Sio fimbo jamani, ni kile kizito cha shaba ya manjano kinachokaa mwisho wa fimbo, tulikikalisha juu ya nati ya chini, sasa kikipata joto kinatanuka kwenda juu tu kwa sababu fimbo haishuki nayo, na uzito ukipanda ni kama pendulamu imefupika. Kwenye fimbo ya chuma mambo haya yanafichika kwa vile fimbo nayo inarefuka kwenda chini, kwenye kaboni yanaonekana wazi. Kijana wetu wa Wete ndie aliyeligundua, na kwa kweli nimejivunia nae sana. Tukatoboa kizito kwa chini mpaka kati, tukakishikilia pale katikati, kikitanuka kinakwenda juu na chini sawasawa, ikatulia.

Halafu masika yakaingia na saa ikaanza kuchelewa pole pole, wakati joto halijabadilika sana. Rezini inakunywa unyevu inavimba, na sie tuliziacha ncha za fimbo wazi pale tulipokata. Tumeipaka vanishi mara tatu, ncha khasa, ingawa vanishi inachelewesha unyevu tu, haiuzuii moja kwa moja. Mie naamini kwa hapa Unguja unyevu ndio wa kuogopwa kuliko joto na vitabu vya nchi za baridi havitwambii hivyo.

Mwaka ujao naomba tununue kipima unyevu kabla ya kitu chengine chochote, kila mwenye saa aandike joto na unyevu asubuhi na jioni, na wanachama wa Pemba waandike vile vile ili tulinganishe.