Somo la juma hili: Martha na Mariamu ndani yetu

Wapendwa, amani iwe nanyi. Juma hili tusome Luka 10:38–42, polepole, kwa sauti, mara tatu.

Tumezoea kuwaona Martha na Mariamu kama ndugu wanaoshindana. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale, katika karne ya 3, aliona kwao kutenda na kutafakari. Basi tuwaweke wote wawili katika nyumba moja, yaani moyo wa kila mmoja wetu: mmoja anahangaika, mwingine ameketi miguuni pa Bwana. Yesu hamfukuzi Martha (hapo huwa naguswa sana). Anamwita jina mara mbili, kama anayekusanya kilichotawanyika.

Kaeni kimya kwenye “kitu kimoja” ambacho Yesu anasema kinatakiwa (mstari wa 42). Atakayeguswa na neno atuandikie hapa kabla ya Jumapili.