Maputo ya hali ya hewa bado yanahitajika juu ya ikweta

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mawimbi ya stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua) ya tropiki ilizieleza setilaiti vizuri, lakini ikahitimisha kwamba vituo vya kurusha maputo ya hali ya hewa, kama kile cha Dagoretti jijini Nairobi, vimepitwa na wakati. Hapo hatukubaliani, kwa sababu maputo hupima upepo.

Karibu setilaiti zote zilizotajwa hazipimi upepo. Hupima joto, na kila moja ina kasoro zake. Chukueni wimbi la Kelvin la mwendo wa polepole, wimbi kubwa la hewa linaloambaa ikweta. Husafiri kuelekea mashariki kwa mita 25 hadi 30 kwa sekunde, huizunguka dunia kwa siku 15 hadi 20, na urefu wake kwa wima ni kama kilomita 10. Joto hubadilika kwa digrii 1 hadi 3 tu. AIRS, kifaa kilicho ndani ya setilaiti ya Aqua, hutazama chini na kuchanganya tabaka nene la hewa, kwa hiyo wimbi fupi kiasi hicho hufutika: kilele na bonde lake huingia katika kipimo kimoja. MLS, kifaa cha setilaiti ya Aura, hutazama ukingo wa dunia na kutenganisha tabaka za kilomita chache. Wimbi huonekana, ila limepunguzwa ukubwa. COSMIC-2, setilaiti 6 zilizorushwa Juni 2019, hupima namna mawimbi ya redio ya GPS yanavyopinda yakipenya hewa, na hutenganisha tabaka za kilomita moja hivi. Kwa wimbi hili ndiyo bora, ingawa ukishapita kilomita 35 kelele za ionosfia, tabaka la juu lenye chembe za umeme, huanza kuvuruga kipimo.

Saa nayo huleta mtego. Aura iliwekwa ipite ikweta saa 7:45 mchana na saa 7:45 usiku, kwa hiyo sehemu ya mabadiliko ya joto yanayoletwa na jua kila siku hujitokeza kama wimbi lililosimama. Anayechora ramani bila kuwastanisha kwanza mapito ya mchana na ya usiku atatangaza wimbi lisilokuwepo. Kilele cha joto cha Kelvin lazima kihamie mashariki na, papo hapo, kishuke zaidi ya nusu kilomita kwa siku. Kisipofanya yote mawili, kitupeni.

Tatizo kubwa ni upepo. Mbali na ikweta, kani ya Coriolis, itokanayo na dunia kujizungusha, huunganisha joto na upepo, hivyo kimoja hukokotolewa kutokana na kingine. Ikweta kani hiyo ni sifuri, na kinachobaki cha kukokotolea upepo ni mkunjo wa joto kati ya kaskazini na kusini, yaani joto la ikweta likilinganishwa na la pande zake mbili. Kosa la nusu digrii katika tofauti ya joto kati ya ikweta na kilomita 1,000 pande zote mbili huzaa kosa la takriban mita 2 kwa sekunde kwa kila kilomita unayopanda. Pandeni kilomita 10, muone kama mtaujua upepo unavuma kutoka wapi!

Na upepo huo ndio huamua wimbi lipi lipite. Hupokezana, kutoka mashariki kisha kutoka magharibi, kwa mzunguko wa wastani wa miezi 28. Mzunguko huo ulipovurugika mapema mwaka 2016, maputo ya Singapore yalionyesha wazi upepo wa kutoka mashariki ukijipenyeza katikati ya ule wa magharibi. Aeolus iliyorushwa 2018 ilipima upepo kwa leza, lakini ilimaliza kazi, ikashuka na kuungua katika angahewa Julai 2023.

Kama kuna la kulalamikia kuhusu maputo, ni ukubwa wake. Kwenye kilomita 17 joto huweza kufika karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, mpira hukakamaa, na puto la gramu 350 likivuka hapo bado mara nyingi halifiki kilomita 30. La gramu 1,000 au zaidi hufika. Gharama ya ziada ni mpira na gesi. Kifaa kinachoning'inia chini yake ni kilekile.

Wasomaji wenu wa fani ya hali ya hewa,
Nairobi